Kitabu Changu Kilivyosomwa Nyacheki

Binti yangu ndiye aliyekuwa msomaji wangu wa kwanza, na alikuwa mkali kuliko wote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Suneka. Jioni, nikishasahihisha madaftari ya watoto wa watu, huandika hadithi kwenye meza ya chakula. Alikuwa akiingia bila kubisha, anavuta kiti, ananyakua karatasi niliyomaliza na kuisoma huku akimenya ndizi. Palipomchosha alikunja kona ya karatasi. Hakueleza lolote. Nikirudishiwa hadithi yenye kona nyingi zilizokunjwa, nilijua kazi bado. Wapo wenye shahada zao huko Nairobi ambao wamewahi kunisifu, na sifa zao sizikumbuki. Zile kona nazikumbuka.

"Niaje, mwalimu," ndivyo alivyonisalimu nikitoka shuleni, kwa sauti ya makanga wa stendi. Mamake alimkemea, mimi nikacheka. Nilijua utani huo una mwisho wake. Kwetu Gusii mtoto ambaye hajatahiriwa ni mtoto tu: anampanda babake mabegani, anaingia chumba chochote, anauliza chochote. Akishapita hapo, chinsoni zinaingia. Chinsoni ni zile haya zetu, mambo ambayo mzazi na mwanawe hawayasemi wala hawayasikii wakiwa pamoja. Redio ikianza kuzungumzia uzazi wa mpango, na baba na bintiye mkubwa wako sebuleni, lazima mmoja akumbuke ghafla kwamba ng'ombe hajanyweshwa maji. Nyanya na mjukuu hawana kizuizi hicho. Wao hutaniana watakavyo, na yote ya aibu mtoto huyapata kwa nyanyake.

Nilikuwa nimeamua kwamba binti yangu hatafika kwenye chinsoni kwa njia hiyo. Nilitaka asiguswe. Hilo ndilo nililolitaka kuliko jambo jingine lolote, na bado ndilo.

Kwa mwalimu wa darasa la nne, Januari ni mwezi mchungu. Wasichana walioondoka Novemba wakirukaruka kamba wanarudi wametulia, wanakaa upande mmoja wa kiwanja, wanacheka kidogo huku wamefunika midomo. Ukiwauliza likizo ilikuwaje wanasema nzuri. Sheria inakataza, na chifu huisema hiyo sheria kwenye baraza huku akitazama viatu vyake. Kanisani siku ya Sabato mchungaji wetu hukemea "mambo yale", na waumini wanaitikia amina kwa mambo yale. Ofisini kwetu pia ni mambo yale. Watu wazima wenye vyeti, tumeketi tukinywa chai, na hakuna anayeweza kulitaja jambo ambalo limewapitia nusu ya watoto wa darasa lake. Januari moja nilipandwa na hasira nikaanza kuandika.

Niliandikia shuleni, saa ya chakula cha mchana, na karatasi nikazificha kwenye mfuko wa mitihani. Hii haikuwa hadithi ya kusomwa huku mtu akimenya ndizi. Msichana wa kitabu changu ni wa rika la binti yangu, na jambo linalompata ni lile ambalo baba hawezi kulitamka mbele ya binti. Chinsoni hazingojei mtoto akue ili zimfunge mdomo mzazi. Kwa hiyo niliwaandikia watoto wa nchi nzima kitu ambacho sikuweza kumpa mtoto wa mezani pangu. Darasani nafundisha methali isemayo mficha uchi hazai, naieleza vizuri kwa mifano, wanafunzi wanaandika. Kisha naenda nyumbani kuficha karatasi.

Moyo wa kile kitabu ulikuwa sura ya saba. Ndani yake msichana anamuuliza nyanyake: kwa nini? Nyanya anatoa sababu ya kwanza, msichana anauliza tena. Anatoa ya pili. Mwisho sababu zinamwishia bibi wa watu, anabaki akipepeta wimbi ambalo lilikwisha kupepetwa. Mama wa msichana, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, anasema, "Na mimi nani aliniuliza?" Basi. Hakuna damu kwenye sura hiyo, hakuna ugonjwa wala polisi. Nilitaka msomaji mdogo aone kwamba ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba mtoto haulizwi, na kwamba hata likifanywa na malaika mwenye glavu nyeupe lingebaki baya vilevile.

Mhariri wa kampuni niliyoipelekea kitabu alisafiri kutoka Nairobi, tukakutana kwenye hoteli moja ya Kisii mjini. Alikuwa mama mpole, na nilimpenda, jambo lililofanya mambo kuwa magumu zaidi. Aliniambia jopo lao la wasomaji limekisifu kitabu isipokuwa sura ya saba. Eti inamwonyesha mtoto akimhoji mkubwa wake hadi anamshinda. Eti tutaonekana tunaishambulia jamii nzima, na shule za kwetu zitakikataa. Akashauri twende kwa njia ya afya, ambayo hakuna mzazi anayeweza kuipinga: ngariba awe kikongwe asiyeona vizuri, wembe uwe na kutu, uwe umetumika kwa wasichana wengi, mhusika augue karibu afe. Na lile neno, ukeketaji, likae mara moja tu. Kwingine tuseme mila potovu.

Nilibisha hadi chai ikapoa. Alinisikiliza, kisha akasema polepole, "Mwalimu, kitabu ambacho hakifiki darasani hakimwokoi mtu." Heri nusu shari kuliko shari kamili, wanasema. Sura ya saba ikatolewa, na mhalifu wa hadithi yangu akawa wembe.

Kitabu kilipofika shuleni nilikisomesha mwenyewe. Nyuma ya kitabu kuna maswali ya ufahamu, na la kwanza linauliza mhusika aliugua kwa sababu gani. Darasa likajibu kwa pamoja, kwa furaha ya watoto wanaojua jibu: kwa sababu wembe ulikuwa na kutu. Nikaweka tiki ubaoni. Ndilo jibu lililo kwenye mwongozo wa mwalimu. Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza ingekuwaje kama mhusika angepelekwa kwa daktari. Nikamwambia ni swali zuri, tutalirudia, na kengele ya mapumziko ikalia. Jibu lake lilikuwa kwenye mfuko wa mitihani, chini ya meza yangu. Ofisini nilisimulia swali lile kama kichekesho, na walimu wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao.

Nyumbani niliweka nakala chache kwenye rafu ya sebuleni bila kusema neno. Binti yangu alizipita kama hazipo. Nilimwomba mke wangu azungumze naye. Alikuwa akichambua mboga za chinsaga, na hakuinua uso. Alisema hayo ni ya nyanyake, si yake, na zaidi ya hapo siku hizi hakuna tena mambo yale. Kwao ni Itumbe, karibu na kiwanda cha chai. Alisema hata huko yaliisha zamani. Kila mtu hapa hukuambia yaliisha, ila kila mtu anazungumzia kijiji ambacho yeye haishi.

Kumwambia mama yangu moja kwa moja ndilo lililokuwa limebaki, na ndilo lisilowezekana. Mwana mwanamume hamwendei mama yake na habari hiyo. Ningeweza kumwambia nimeua mtu, angenisikiliza. Nilijipa moyo kwamba anajua msimamo wangu. Si amesikia mwanawe ameandika kitabu? Si kanisa zima linajua? Kitabu ndicho kingekuwa mdomo wangu.

Shule zilipofungwa, binti yangu alikwenda Nyacheki kwa nyanyake, kama kila mwaka, kumsaidia kuchuma majani chai. Jioni ya siku aliyoondoka niligundua nakala moja haipo kwenye rafu. Mke wangu hakuwa ameigusa. Nilielewa mara moja kwamba mtoto ameibeba, na nilifurahi hadi nikashindwa kukaa chini. Mama hasomi Kiswahili. Nilimwona mjukuu akimsomea, akimgeuzia kwa Ekegusii mstari kwa mstari. Kitabu changu kilikuwa kimepata njia ambayo mimi sikuwa nayo: kutoka kwa mtoto hadi kwa nyanya, mahali ambapo hakuna haya. Nilimshukuru Mungu. Nayasema haya bila kuficha, nilipiga magoti sebuleni kwangu nikashukuru.

Nilikwenda kumchukua kabla ya mwaka mpya, nikiwa na mkate, sukari na gazeti. Boma la mama liko chini ya barabara, na njia inateremka katikati ya michai. Binti yangu alikuwa na desturi ya kunisikia kabla sijaonekana. Alikuwa akija mbio, anapekua mfuko, mkate anauacha, gazeti anakimbia nalo. Siku hiyo hakuna aliyekuja. Redio ilikuwa ikiimba kwaya kwa sauti kubwa, siku ya katikati ya wiki, na mama si mtu wa kupoteza betri. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umeegeshwa. Kando ya jiko palikuwa na manyoya ya kuku ambayo hayakuwa ya kuku mmoja.

Mama alitoka akafunga mlango nyuma yake. Alinipa kigoda nje, chini ya upenu, akaniletea uji wa wimbi. Mimi ni mwanawe wa kwanza, na nyumba hiyo nimeipaka udongo kwa mikono yangu, lakini hakunikaribisha ndani. Nilimuuliza kama mtoto ni mgonjwa. Akasema mtoto ni mzima kabisa, anakula vizuri. Alikuwa na uso wa mtu mwenye habari njema asiyeruhusiwa kuitangaza.

Kisha akageuza uso akatazama michai, kwa sababu asemalo mama kwa mwanawe juu ya jambo hilo halisemwi macho kwa macho. Alisema kwa lugha yetu, na naliandika kama lilivyonifikia.

"Kitabu chako alinisomea chote. Nililia pale yule msichana alipougua. Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Hapa hakuna wembe ulioingia. Alikuja sista wa hospitali, na glavu zake, na dawa yake. Tulifuata vile ulivyoandika."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Nilitaka kupiga kelele na sikuwa na neno la kupigia kelele. Maneno yote ya jambo hilo ninayo kwa Kiswahili, nimeyaandika, nimeyasahihisha, nimeyaona yakipigwa chapa. Kwa lugha ya mama yangu, mbele ya mama yangu, sina hata moja. Na yeye alikuwa akingoja, masikini, asikie mwanawe akimsifu. Alikuwa amemlilia msichana wa karatasi. Alikuwa amehakikisha mjukuu wake hapatwi na yaliyompata yule. Hakuna mtu aliyewahi kukisoma kitabu changu kwa makini kama alivyokisikiliza yeye.

Mlango ukafunguka kidogo. Binti yangu alisimama kizingitini, amejifunga leso ya nyanyake, nywele zimepakwa mafuta. Hakutoka nje. Macho yake yalikuwa kwenye viatu vyangu.

"Habari ya safari, tata," alisema, akiniita baba kwa lugha yetu.

Nikamjibu ni nzuri. Akauliza mama hajambo, nikasema hajambo. Akarudi ndani, mlango ukaegeshwa. Gazeti lilibaki kwenye mfuko, nami nikapanda kilima nalo, peke yangu, kwa kuwa mtoto alikuwa hajaruhusiwa kusafiri.

Niliporudi Suneka nilimuuliza mke wangu kama alijua. Kati ya mume na mke chinsoni hazipo, kwa hiyo sikuwa na kisingizio cha kutouliza. Alikuwa akifua. Alisema ndiyo. Mama yangu alimpigia simu akamuuliza, naye akakubali. Alisema mtoto amekuwa akiitwa egesagane na binamu zake kwenye kisima, kwamba ni tusi la msichana asiyetahiriwa, kana kwamba sijui, na kwamba siku moja alirudi akilia. Alisema kama ni lazima lifanyike basi afadhali mikono safi, na akauliza kama sivyo nilivyoandika. Nilimwambia sikuandika hivyo. Niliinua sauti. Nilimuuliza aliwezaje, yeye anayejua uchungu wenyewe, kumtoa mtoto bila kumuuliza.

Aliacha kufua. Povu lilikuwa likimtiririka mikononi.

"Na mimi nani aliniuliza?"

Hakuwa ameisoma sura ya saba. Hakuna aliyeisoma isipokuwa mhariri na jopo lake. Niliingia ndani nikakaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimzike baba yangu nililia nikasikika hadi nje.

Kuna watakaosema ningeenda polisi. Niliwaza. Nilifika hadi lango la kituo siku ya soko. Ningemtaja nani? Mama yangu anayetembea kwa mkongojo? Mama wa mtoto? Au yule sista, ambaye hadi leo hakuna aliyekubali kuniambia jina lake, na ambaye nikipita mjini kila mwanamke mwenye sare namtazama mikono? Nilirudi nyumbani. Mtoto aliyekatwa harudishiwi alichokatwa, na sikuona faida ya kumwondolea na nyanya. Labda nilikosea. Sina uhakika wa lolote siku hizi.

Shule zilipofunguliwa mhariri alinipigia simu kwa furaha. Kitabu kinasomwa sana upande wetu, Kisii na Nyamira, akina mama wanakiulizia hata makanisani. Nilimwambia najua sababu. Nilimweleza. Akasema pole, mwalimu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikamwomba sura ya saba irudi. Alisema ataipeleka kwa jopo. Najua majopo. Watasoma, watanywa chai, watasema inaishambulia jamii.

Sasa binti yangu yuko nyumbani. Ni mtoto mzuri, kila mtu anamsifu. Anabisha mlango. Nikiwa sebuleni hukaa jikoni na mamake, nikienda shambani ndipo huja kufanya kazi zake za shule mezani. Chakula changu huleta akakiweka, akarudi kinyumenyume kidogo, kama wasichana wakubwa wafanyavyo. Wazee wa kanisa wameniambia nimelea. Hakuna anayeniita mwalimu kwa sauti ya makanga. Naandika, lakini nikimaliza ukurasa nauweka kando ya mkono wangu wa kulia, mahali pake pa zamani, na ukurasa unakaa hapo.

Juzi nilifanya jambo ambalo ningelifanya mapema kama ningekuwa mtu mwingine. Nilizitoa karatasi za sura ya saba kwenye mfuko wa mitihani, zilezile za kwanza, zenye madoa ya chai. Niliziweka juu ya meza ya chakula, juu ya kitabu chake cha hesabu ili asikose kuziona, nikatoka. Nilitembea hadi sokoni bila haja ya kununua kitu. Nilitaka ajue kwamba lipo lililoandikwa kabla ya wembe. Nilitaka ajue kwamba babake hakusema vile.

Niliporudi meza ilikuwa tupu. Mke wangu alikuja akasimama mbele yangu, karatasi zikiwa mkononi mwake, zimepangwa sawasawa.

"Amesema umsamehe," aliniambia. "Amesema sasa yeye ni mkubwa. Haya ni mambo ambayo hawezi kuyapokea kwa tata."

Nilizichukua. Mke wangu alipoondoka nilizipekua moja moja hadi ya mwisho, nikitafuta kona iliyokunjwa, hata moja. Zote zilikuwa zimenyooka.